Sista na Daftari Lake

(Haya niliyasema juzi kwa kina mama na vijana wa mtaa hapa Malindi. Nimeyaandika vile yalivyotoka mdomoni, sijayanyoosha sana.)

Asalaam aleikum. Na wale wengine, Tumsifu Yesu Kristo! Ehe, nasikia mpaka kina mama wa buibui hapa mbele wamejibu "milele na milele", hiyo ndo Malindi bwana.

Nimeambiwa nizungumze juu ya masista wa Katoliki na kazi yao kwa wanyonge, na mimi mwanijua, si Mkatoliki, nimezaliwa Shela na chuoni, madrasa yaani, nimesoma hapo hapo, kwa hivyo mambo ya nadhiri muwaulize wenyewe. Mimi nitasema nilichokiona kwa macho yangu kwenye hii kazi ya msaada wa sheria mtaani.

Watu wengi wakisikia sista wanafikiria unga. Gunia, mafuta ya kupikia, watu wamepanga laini jua la saa sita na kijana wa kamera anawaambia wacheke. Hiyo kamera mimi siipendi, nimewaambia masista wenyewe, wengine wakakasirika kidogo. Lakini unga siukatai, kule Ganze na Magarini mvua ikikosa misimu miwili usimletee mtu stori, mletee unga. Shida ni kwamba unga wa wiki mbili ukiisha, lile lililomleta mama kwenye laini bado liko palepale nyumbani.

Sasa kuna sista mmoja, jina simtaji hatapenda, ambaye mimi nilimuona mara ya kwanza kwenye benchi. Benchi la ofisi moja ya serikali, siitaji pia. Amekaa na mama mmoja wa Kigiriama kutoka bara huko, amevaa kandambili, biro imening'inia shingoni kwa uzi, mkononi daftari la shule la kurasa 96. Nikauliza hili daftari la nini, akanionyesha. Kila walipoambiwa "njooni kesho" ameandika tarehe, saa, na aliyesema. Zilikuwa zimefika sita.

Walikuwa wanatafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa yule mama. Na msione ni karatasi tu. Mtoto alikuwa ameharibiwa na mtu mzima, jirani, ana mimba, na wazee wa pande zote mbili washakaa chini ya mwembe, washakubaliana mbuzi na mnazi na pesa kidogo, kesi imekwisha. Kule Lamu na Tana River wanaita maslaha, huku kwetu hatuna hata jina, twasema tu "imemalizwa nyumbani". Mama ndo hakukubali. Mama akafukuzwa nyumbani kwa hilo, akaenda kulala kwa masista siku mbili, hivyo ndo sista akajua.

Na sheria yetu, ile ya makosa ya kingono ya 2006, inakwenda kwa umri. Mtoto wa miaka 11 kushuka chini, mshtakiwa akipatikana na hatia ni maisha. Miaka 12 mpaka 15, si chini ya miaka 20. Miaka 16 mpaka 18, si chini ya 15. Kwa hivyo swali la kwanza kortini ni mtoto ana miaka mingapi na nani anathibitisha. Huyu kazaliwa nyumbani kwa mkunga, kadi ya kliniki ililiwa na mchwa, mama anakumbuka tu ilikuwa msimu wa maembe. Daktari aweza kukadiria, ndio, huangalia meno na mifupa, lakini wakili wa upande ule atakuja na makadirio yake, na hapo mtoto anaongezwa miaka mbele ya macho yako. Mwaona sasa kwa nini sista analikalia benchi?

Siku ya saba akasimama katikati ya ofisi, hakupiga kelele, akafungua daftari akaanza kusoma. Jumatatu tarehe fulani, saa tatu na nusu, fulani alisema njooni kesho. Alhamisi, saa nne, fulani alisema mwenye mhuri ametoka. Watu wote wakanyamaza, hata wale waliokuja na mambo yao. Hakufika ya tano. Mhuri ukapatikana.

Mimi hiyo ndo nasema ni kazi yao kubwa, na si ya leo. Zamani Ulaya mwanamke akiwa mtawa anafungiwa ndani, ukuta na mlango, basi. Ufaransa mwaka 1633 Vincent de Paul na Louise de Marillac wakaanzisha masista wa kutoka nje, na Vincent akawaambia monasteri yenu ni nyumba za wagonjwa na mabaraza yenu ni mitaa ya mji. Na hapa karibu, kuna Sista Irene Stefani, Muitaliano wa shirika la masista wa Consolata, alifika Kenya 1915. Vita vya kwanza vya dunia akatumwa kwenye hospitali za wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, watu wakaita Kariakor, kule Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, hiyo Kariakoo mnayoisikia ndo jina limetoka huko. Baadaye akakaa Gikondi, Nyeri, akawa anawaandikia barua watu wasiojua kusoma, mama ana mtoto wake mbali, Irene anaandika. Watu wakamuita Nyaatha, mama wa huruma. Alikufa 1930 kwa tauni aliyoipata akimuuguza mgonjwa, ana miaka 39 tu. Mwaka 2015 kanisa likamtangaza mwenye heri pale Nyeri. Kalamu tena, mnaona.

Haya, kuna jambo nisipolisema mtanisema mkitoka. Watu wanaogopa, ati watoto wetu watabatizwa. Mamangu mwenyewe alinikataza kukaa nao. Na baada ya Shakahola 2023, wale waumini walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka kufa, miili zaidi ya 400 imefukuliwa msituni hapo, mtu akija kwa jina la dini lazima umuangalie mara mbili, na ni haki yenu. Mimi nilimuuliza yule sista wazi, akacheka akasema daftari lake halina safu ya dini. Nililichungulia, kweli haina. Pia yale makao ya watoto, mengine yaliwaweka watoto miaka na miaka na wazazi wako hai, umaskini tu ndo uliowatenganisha. Sasa serikali ina mpango wa 2022 mpaka 2032 wa kuwarudisha watoto kwa familia, na masista wako ndani ya hiyo kazi, wengine ni makao yao wenyewe wanayapunguza. Nawapa heko, si rahisi kufunga kitu ulichokijenga.

Turudi kwa yule mama. Cheti kilitoka, tukaitwa, mama amejifunga leso mpya, tukashuka mpaka kwenye kivuli cha mkungu tukisome vizuri. Sista akavaa miwani, akasoma jina la mtoto, akarudia. Herufi moja imekosewa. Kortini herufi moja inatosha mtu kusema huyu siye. Mama akakaa chini kwa mchanga na leso yake mpya. Sista hakusema kitu, akavuta ile biro shingoni, akafungua ukurasa mpya, akaniuliza, "Leo tarehe ngapi?"

Haya, maswali. Mama wa nyuma pale, wewe uliinua mkono kitambo.