Pesa ya kula mgahawani Kraków naitoa wapi? Haya, leo nawajibu

Haya jamani, habari zenu. Leo salamu fupi maana nina hasira kidogo. Video ile ya Kazimierz, mtaa wa hapa Kraków, Poland, ile ya mishumaa mezani, komenti zote swali moja: "Dada, juzi ulikuwa unalia karatasi za ukaazi hazijatoka, leo uko mgahawani. Pesa unatoa wapi?" Na mwingine kaandika tu, "Tuwekee na bili."

Naweka bili. Nikisema ni rahisi mtasema najishusha, nikisema ni ghali mtasema naringa. Nasema ilivyo kwangu mimi. Wa Warsaw ana yake, mwenye mume wa hapa ana yake.

Nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa zloti 30 na groshi 50 kwa saa, kabla ya makato. Zloti ndiyo pesa ya hapa, groshi ni senti zake. Zloti moja ni shilingi za Tanzania mia sita na kitu, mia saba, inategemea siku. Nilipokuwa mwanafunzi wa chini ya miaka 26 sikukatwa chochote. Nilipotimiza 26 mshahara ukaja umekonda, nikaenda kulalamika kwamba wamekosea hesabu. Hawakukosea. Hiyo hamkuiona kwenye video, eti?

Sasa ninakokula mara nyingi panaitwa bar mleczny, yaani baa ya maziwa. Mama aliposikia neno baa alinipigia usiku wa manane. Mama, hamna pombe! Ni mahali pa chakula cha watu wa kawaida, walikula humo sana enzi za ukomunisti, na mpaka leo serikali inatia ruzuku kwenye vyakula visivyo na nyama. Ndiyo maana bei zake zina groshi za ajabu ajabu, utakuta supu imeishia na groshi 43. Unasoma ubao ukutani, unalipa, risiti unaipeleka dirishani, mama wa jikoni anapaza sauti chakula chako kikiwa tayari, ukimaliza unarudisha vyombo mwenyewe. Hakuna wa kukuchekea. Mimi napapenda pale Nowa Huta, ule mji walioanza kuujenga 1949 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha chuma. Wazee wanakula supu na makoti yao mwilini, kimya, unasikia vijiko tu. Barabara ya jirani, Aleja Róż, ilikuwa na sanamu ya Lenin mpaka 1989. Ukitoka nje umeshiba unabaki kushangaa tu.

Lakini nisiwadanganye, mara ya kwanza nilikaribia kulia. Niliagiza pierogi ruskie. Ni unga umekunjwa nusu mwezi, ndani viazi na jibini nyeupe, unachemshwa. Nimeuliza, hamna nyama. Nikafurahi. Sahani inakuja, juu imenyunyiziwa vipande vidogo vinang'aa. Mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa! Nikarudisha, foleni nyuma yangu inahema, mama wa dirishani ananitazama kama nimemtukana. Siku hiyo nikajifunza maneno mawili, bez skwarków, bila vile vipande. Na wale mnaonitumia ujumbe mnakuja kutembea, migahawa ya mbao ya kienyeji wanakuletea mkate wa bure na kitu cheupe kama siagi. Smalec hiyo. Nguruwe tena. Cha bure uliza kwanza.

Ile ya mishumaa sasa. Kazimierz ndiyo mitaa ya zamani ya Wayahudi. Pale Plac Nowy kuna mkahawa ambao meza zake ni cherehani za Singer, zile zile za mafundi wetu barazani, pedali iko chini unaichezea kwa mguu. Nilikunywa chai moja saa mbili nzima. Chai moja! Katikati ya uwanja kuna jengo la mviringo la mwaka 1900, zamani Wayahudi walichinjia kuku humo, sasa madirishani wanauza zapiekanka, mkate mrefu uliopasuliwa wenye uyoga na jibini. Nilikula hiyo nikiwa nimesimama. Mlichokiona ni mshumaa, sahani hamkuiona.

Bili kubwa niliwahi kulipa mara mbili, na zote ni ujinga wangu. Ya kwanza ni samaki. Menyu inasema zloti 16, nikaona poa. Chini kwa herufi za sisimizi imeandikwa kwa gramu 100. Samaki mzima gramu 420, pigeni hesabu. Siku hizi nikitaka samaki napanda basi hadi Ojców, kilomita ishirini na kitu nje ya mji, wana trauti wa moshi, unakula kwenye benchi unatazama majabali meupe. Kwa mtu wa Tanga siyo kibua, lakini unapoa moyo. Ila bei nauliza kabla hajapimwa.

Ya pili ni asante. Bili zloti 61, nikatoa noti ya 100, nikasema dziękuję, asante, kama nilivyolelewa. Mhudumu akatabasamu mno, akaondoka. Nikangoja chenji. Nikangoja. Kumbe hapa ukitoa pesa ukashukuru, maana yake chenji kaa nayo! Zloti 39, zaidi ya saa nzima ya kubeba maboksi. Sasa hivi nanyamaza mpaka chenji iwe mkononi, waniite sina adabu.

Na kwa nini natembea tembea? Kwa sababu sina pengine pa kwenda. Kadi ya ukaazi nimeiomba tangu mwaka jana, ada nimelipa, vidole nimeweka, na kila nikidhani imeisha inakuja barua inadai karatasi nyingine. Nina muhuri kwenye pasipoti. Unaniruhusu kukaa Poland nikisubiri, basi. Ujerumani pale siwezi kwenda, na nikija nyumbani siwezi kurudi bila viza mpya. Ndiyo maana harusi ya mdogo wangu nimeiangalia kwenye simu, kwenye mapumziko ya zamu, nimekaa juu ya maboksi. Halafu shangazi, nakuheshimu, lakini ile picha yangu na pierogi uliyoituma kwenye kundi la familia na maneno "mwenzenu anakula bata," haikuwa haki. Ilikuwa sahani ya viazi, shangazi.

Na aliyeuliza kama nilitoa mchango wa harusi, nilitoa. Muulize mweka hazina, risiti anayo.