Meli ya Uganda: Kutoka Gati la Mombasa hadi Wodi za Vita vya Falkland

Mabibi na mabwana, meli tunayoizungumzia leo ilikuwa mgeni wa kawaida Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Uganda iliundwa Glasgow na Barclay Curle kwa ajili ya kampuni ya meli ya British India, ikashushwa majini Januari 1952. Dada yake, yaani meli ya mfano uleule, aliitwa Kenya. Ilikuwa na tani 14,430, rafadha mbili, na nafasi za abiria wapatao 300.

Kufikia 1967 wasafiri walikuwa wamehamia kwenye ndege, na Uganda ikaondolewa kwenye njia ya Afrika Mashariki. Kenya ilikatwa vyuma vikuukuu mwaka 1969. Uganda ilipelekwa Hamburg ikageuzwa meli ya wanafunzi, yenye madarasa na mabweni ya kulaza watoto zaidi ya 900. Mabweni hayo ndiyo yaliyoifanya ifae kwa kazi iliyofuata.

Aprili 1982, Uingereza na Argentina zilipoingia vitani kugombea visiwa vya Falkland, meli ilikuwa Mediterania na wanafunzi ndani. Wakateremshwa Naples, ikaenda Gibraltar, na mafundi wakaigeuza meli ya hospitali kwa siku tatu tu. Sitaha ya meli ya abiria haibebi helikopta, basi kiwanja cha chuma kilijengwa upande wa nyuma, kikiungwa na ukumbi kwa mteremko. Huo mteremko msiudharau: machela yenye mtu aliyevunjika paja haipiti ngazi nyembamba bila kumtesa, seuze meli ikiyumba. Palitengwa chumba cha upasuaji, eksirei, maabara na vitanda 20 vya wagonjwa mahututi. Mabwenini walilazwa wenye hali nafuu, maana kitanda cha juu hakimfai asiyeweza kusimama. Wauguzi 40 wa jeshi la majini walipanda, na wanabendi wa Royal Marines, askari wa majini wa Uingereza, wakawa wabeba machela.

Rangi nayo ni sheria. Mkataba wa Pili wa Geneva wa 1949 unataka meli ya hospitali iwe nyeupe nje kote, yenye misalaba myekundu mikubwa ubavuni na juu, ionekane kutoka baharini na angani. Adui hupewa jina lake, tani, urefu, idadi ya milingoti na dohani, siku 10 kabla haijaanza kazi.

Majeruhi wengi walipitia kwanza Ajax Bay, nchi kavu huko Falkland, katika kiwanda kilichoachwa cha kugandisha nyama ya kondoo. Huko madaktari walikata nyama iliyokufa na kuacha kidonda cha risasi wazi. Ukikishona siku hiyo hiyo unafungia uchafu ndani, na kidonda huoza. Kushona kulifanyika melini siku kadhaa baadaye, kikishakuwa safi. Mikono iliyoungua ilipakwa krimu yenye madini ya fedha na kuvishwa mifuko ya plastiki, ili vidole viendelee kukunjika visigande. Meli ilihudumia majeruhi 730, wakiwemo Waargentina 150, na kufanya upasuaji mara 504. Waliopata nafuu walichukuliwa na meli ndogo za Hecla, Hydra na Herald hadi Montevideo, Uruguay, kisha wakasafirishwa kwa ndege.

Baada ya vita ilibeba askari na mizigo kati ya kisiwa cha Ascension na Falkland hadi 1985. Mwaka uliofuata iliuzwa ikatwe huko Kaohsiung, Taiwan, na kimbunga kikaitupa ufukweni.

Limebaki la redio, na kwa maoni yangu ndilo kosa kubwa lililokuwa ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 34 cha Mkataba kinakataza meli ya hospitali kutumia mawasiliano ya siri. Ukiitangazia Uganda waziwazi mahali pa kukutana na manowari, umemwonyesha adui manowari ilipo. Kwa hiyo manowari zilizokuwa karibu nayo zilinyamaza, na helikopta ingeweza kutua na walioungua bila wauguzi kujua ni wangapi wanakuja, wala damu ya kundi gani itayarishwe. Mwongozo wa San Remo wa 1994, ambao si mkataba bali kazi ya wataalamu, unasema meli hizi ziruhusiwe mitambo ya siri mradi zisipeleke habari za kijeshi. Kifungu cha 34 chenyewe hakijabadilishwa.