Nani Analiona Paa Langu?

NAFULA: Leo kwenye kipindi tulipanga mambo matatu ya kumwambia anayenunua nyumba ndani ya geti. Lakini ngoja kwanza niteme nyongo.

KOMBO: Kamati ya mtaa.

NAFULA: Kamati! Jumanne fundi yuko juu ya vigae, reli za kushikilia paneli za sola ameshafunga, mara askari wa geti huyo na barua. Shusha. Eti mkataba unakataza kifaa chochote cha paani kinachoonekana kutoka barabarani.

KOMBO: Mkataba ulioutia sahihi.

NAFULA: Kinachoonekana na nani? Nimesimama barabarani, nimerudi nyuma mpaka kwenye ua wa jirani, sioni kitu. Wa kuliona paa langu ni twiga.

KOMBO: Na vile mnakaa Lang'ata, Nairobi, twiga wako hapo mbugani. Huenda ndio waliolalamika.

NAFULA: Barua inasema "wakazi kadhaa".

KOMBO: Wakazi wenye shingo.

NAFULA: (anacheka) Sasa namwona kwenye mkutano mkuu, amekaa nyuma ili asiwazibe wenzake.

KOMBO: Na ada ya taka amelipa mpaka Desemba. Ana kura kukushinda.

NAFULA: Acha, Kombo! Tangi jeusi la mwenyekiti liko paani, mtaa mzima unaliona. Huyo twiga wenu halioni?

KOMBO: Analinywea maji. Hawezi kulishtaki.

NAFULA: Haya, tuwe serious. California walitunga sheria ya haki ya sola mwaka wa 1978. Chama cha wenye nyumba hakiwezi kukukatalia hivi hivi. Na leo, masharti yao yakikuongezea gharama zaidi ya dola 1,000, au yakipunguza umeme kwa zaidi ya asilimia 10, hayasimami.

KOMBO: Wewe uko Lang'ata, dada. Tena jua la California hukaa kusini. Ukimhamishia mtu paneli upande wa kaskazini umemuumiza. Sisi tuko karibu na ikweta. Juni jua liko kaskazini, Desemba kusini. Weka nyuma ya nyumba, utapoteza kidogo tu.

NAFULA: Nyuma kuna ghorofa ya jirani. Kivuli kikiangukia paneli moja, zote zilizoungwa nayo mfululizo zinalegea.

KOMBO: Basi peleka hoja, kifungu kibadilishwe kwa kura. Mimi nilinunua kwangu kwa sababu ya vifungu hivyo. Bila hivyo jirani angefungua karakana ya kuchomelea vyuma.

NAFULA: Paneli inapiga kelele?

KOMBO: Sahihi ni sahihi.

NAFULA: Sahihi ya kurasa nilizopewa siku ya kulipa! Ningekataa, nyumba ningepewa?

KOMBO: Ungenunua nyingine.

NAFULA: Ipi, ndani ya geti, isiyo na kifungu hicho? Itaje.

KOMBO: Sina orodha. Lakini ulitia sahihi.

NAFULA: Na paa nalilipia mkopo mimi.

KOMBO: Tutalala hapa.

NAFULA: Hatulali, wenye studio wanagonga mlango. Yale mambo matatu?

KOMBO: Yabaki daftarini. Fundi umemlipa?

NAFULA: Nusu. Reli ziko juu na sizitoi.

KOMBO: Utapigwa faini.

NAFULA: Walete ankara.

KOMBO: Ikija, wiki ijayo naisoma mimi.