Gesi au Induksheni? Njoo na Sufuria Yako

Habari za jioni, ndugu zangu. Ahsanteni kwa kufika, na ahsanteni zaidi mliotii ombi langu mkaja na sufuria moja kutoka nyumbani. Naziona hapa mbele: za alumini, za chuma cha pua, na mama mmoja amebeba kikaango kizito cha chuma mpaka amelowa jasho. Pole, mama, hutajuta. Hizo sufuria nitazirudia.

Hapa mezani pana majiko mawili. La kushoto ni la gesi, la kulia ni la induksheni, wati 2,000, limechomekwa kwenye soketi ya kawaida. Nabandika lita moja ya maji kwenye kila moja. Sufuria ni pacha, maji yametoka ndoo moja. Kijana wangu hapo, tushikie saa.

Maji yakiwa motoni, tuulizane joto linatoka wapi. Kwa gesi, mambo yako wazi. Moto unapiga kitako cha sufuria, joto kiasi linaingia ndani, na jingine linapanda ubavuni na kwenda zake. Mlio mbele, pitisheni mkono pembeni ya sufuria, msikaribie sana. Mnalisikia? Joto hilo mmelilipia, na kazi yake sasa ni kupasha hewa ya jikoni. Kwa jiko la kawaida la nyumbani, kati ya sehemu 100 za nishati ya gesi, zinazoingia kwenye maji ni kama 40.

Induksheni haina moto. Chini ya kioo hiki kuna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa, na umeme unaopita humo hugeuza mwelekeo zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde moja. Mgeuko huo huzalisha uga wa sumaku, yaani eneo la nguvu ya sumaku, unaobadilika, ukapenya kioo na kufika kwenye kitako cha sufuria. Ndani ya chuma huzuka mikondo midogo ya umeme inayozunguka, chuma kinaikinza, na kwa kuikinza kinapata moto chenyewe. Kanuni hiyo Michael Faraday aliigundua mwaka 1831, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kufikiria kuipeleka jikoni. Kwa maneno mengine, hapa sufuria ndiyo jiko.

Tazameni. Nimeingiza ukurasa wa gazeti kati ya kioo na sufuria. Maji yameanza kutoa mapovu, na ukurasa mzima, hata herufi zinasomeka. Onyesho hili kampuni ya Frigidaire ililizungusha Marekani katikati ya miaka ya 1950, na mimi kila nikilirudia bado linanifurahisha. Kwa sababu joto linazaliwa pale pale linapotakiwa, kati ya sehemu 100 za umeme, kama 85 zinaingia kwenye maji.

Saa inasemaje? Dakika 3 na nusu, ya kulia imechemka. Ya kushoto tuiache iendelee.

Sasa pesa, maana najua ndilo swali lililowaleta wengi wenu. Bei ya gesi na ya umeme hutofautiana mno kati ya nchi na nchi, hata kati ya mwezi na mwezi, kwa hiyo nawapa hesabu ya kufanya wenyewe. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati inayokaribia uniti 13 za umeme. Ukitoa inayopotea hewani, inayoingia kwenye sufuria ni uniti 5 na kitu. Induksheni, ili iingize joto hilo hilo, itakula uniti 6. Basi chukua ulicholipa mara ya mwisho ulipojaza mtungi, gawanya kwa kilo zilizomo, kisha gawanya tena kwa 6. Jibu lilinganishe na bei ya uniti yako ya umeme. Umeme ukiwa chini ya jibu hilo, induksheni itakupunguzia matumizi. Ukiwa juu, gesi ndiyo nafuu kwako. Na kama una mazoea ya kuacha moto uirambe sufuria mpaka ubavuni, gesi yako inapotea zaidi ya nilivyohesabu.

Gesi nayo imechemka. Dakika 5 na ushee.

Naomba mnivumilie kwa hili linalofuata, kwa sababu watu wakinunua jiko huuliza bei, huuliza rangi, na hewa hawaiulizi. Nilipika kwa gesi miaka mingi katika chumba kidogo cha kupikia chenye dirisha moja, na msimu wa baridi ukifika dirisha hilo nililifunga. Nikimaliza kupika kichwa kinaniuma. Nikasema ni uchovu. Siku moja mdogo wangu alikuja kunitembelea, akainama, akautazama moto kimya, kisha akasema, “Dada, moto wako mbona wa manjano?” Nilikuwa nimeuona kila siku bila kuutazama. Na masizi meusi kwenye vitako vya sufuria nilikuwa nikiyasugua kila jioni bila kujiuliza yametoka wapi.

Moto wa gesi unatakiwa uwe wa buluu. Ukiwa na ndimi za manjano, gesi haiungui ikaisha, na moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua. Jiko langu lilikuwa limeziba matundu kwa mafuta. Tulilifungua, tukasugua vichomeo kwa brashi na kuvizibua kwa sindano, tukaacha vikakauka. Tulipowasha, buluu tupu. Dirisha nikalifungua tangu siku hiyo, na maumivu ya kichwa yakaniacha.

Hata buluu nayo ina lake. Joto la moto huunganisha naitrojeni na oksijeni zilizomo hewani, ikatokea naitrojeni dayoksaidi, inayowasha njia za pumzi na kuwasumbua zaidi watoto wenye pumu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachoshauri cha hewa hiyo, wastani wa mwaka mzima, kutoka maikrogramu 40 kwa mita moja ya ujazo hadi 10. Kwa wanaotumia gesi asilia ya bomba, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima majiko ya majumbani California na mwaka 2022 wakaeleza kuwa zaidi ya robo tatu ya methani iliyovuja, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ilivuja majiko yakiwa yamezimwa. Yamezimwa, jamani.

Lakini mtu anayetoka kwenye kuni au mkaa asiniogope. Ukihamia gesi leo, umeliondolea pafu lako mzigo mkubwa. Fungua dirisha tu, na kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, pawe na upenyo karibu na sakafu. Mpira na regulata vipake povu la sabuni mara kwa mara. Pakitoka mapovu, funga mtungi kwanza, mengine baadaye.

Induksheni nayo ina masharti yake, na la kwanza liko ukutani. Wati 2,000 kwa umeme wa volti 230 ni karibu ampea 9 mfululizo. Ekstensheni nyembamba itapata moto hadi plastiki iyeyuke. Jiko la sehemu nne linaweza kuvuta wati 7,000 na zaidi, hivyo linataka waya wake na breka yake, na fundi umeme aje aione nyumba kabla hujatoa pesa. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani azungumze na daktari wake. Ushauri uliozoeleka ni kukaa angalau sentimita 60 kutoka kwenye jiko likiwa linafanya kazi. Na tafadhali, usimimine mafuta kwenye kikaango ukageuka kutafuta kisu. Kitako kinashika moto upesi kuliko mkono wako ulivyozoea.

Angalieni pia dukani. Kuna majiko ya kioo yanayowaka mwanga mwekundu na kukubali sufuria yoyote. Hayo ni ya infraredi, na nimeona yakiuzwa kwa jina la induksheni. Ukiambiwa “hili linapika hata kwa alumini,” jua huenda si lenyewe.

Mzee pale nyuma ameuliza, “Ninunue lipi basi?” Mzee wangu, kama umeme wenu haukatiki ovyo na waya za nyumba ni nzima, nunua induksheni iwe jiko la kila siku, na kichomeo kimoja cha gesi kibaki kwa siku ya giza. Kama jiko lako halina dirisha, ningechagua induksheni hata hesabu ya uniti ikinipiga kidogo. Umeme ukiwa wa kubahatisha, gesi, dirisha wazi, wala usione umebaki nyuma. Na anayepikia sufuria za kitako cha mviringo abaki na gesi, kwani kioo bapa kinataka kitako bapa.

Tumerudi kwenye sufuria. Induksheni ya kawaida haipashi alumini, shaba, kioo wala udongo. Kuna visahani vya chuma vya kuweka katikati ili sufuria hizo zipate moto, lakini sivipendi, maana vinapoteza lile joto tulilosifu. Chuma cha pua kingine kinakubali na kingine kinakataa, na kwa macho hutavitofautisha. Sumaku iking'ang'ania kitakoni, hiyo inafaa. Ikianguka, jumlisha bei ya sufuria mpya kwenye bei ya jiko.

Sumaku hii hapa. Tuanze na mama mwenye kikaango, amekibeba mbali.