Kamera ya Kukimbizana na Nyota

Shikamooni wazee. Vijana, habari za jioni. Baridi ya Agosti hapa Mbeya haina utani, na darubini iko nje inatungoja, kwa hiyo sitawachosha. Nitaeleza tu kamera ya kasi, ya kupimia nyota ambazo mwanga wake unabadilika upesi.

Kuna nyota inaitwa Delta Scuti. Kwenye ramani ya anga imekaa nyuzi 9 kusini ya ikweta, na Mbeya nayo iko karibu nyuzi hizo hizo. Ndiyo kusema leo, kwenye saa 4 kasoro usiku, itapita juu ya utosi wetu kabisa. Inavimba na kunywea kila baada ya saa 4 na dakika 39 hivi, na mwanga wake unapanda na kushuka. Nyota ya namna hiyo haikusumbui: unapiga picha, unakunywa chai, unapiga nyingine. Kazi iko kwa wenye haraka. SX Phoenicis inamaliza mzunguko wake kwa dakika 79. Kuna vibete vyeupe, yaani viini vidogo vya nyota zilizokwisha kuzimika, vinavyopwita kila baada ya dakika chache. Na pulsa ya Nebula ya Kaa, yaani kiini cha nyota iliyolipuka kinachozunguka kwa kasi, ambayo mwaka 1969 ilinaswa ikimweka katika mwanga wa kawaida, inamulika mara 30 ndani ya sekunde moja.

Mtu akisikia kamera ya kasi anafikiria kufungua na kufunga jicho la kamera upesi. Hapana. Muda unaliwa na kuisoma picha. Sensa ya CCD, kile kibao cha kunasa mwanga ndani ya kamera, ikishapokea mwanga, chaji za umeme za pikseli zote, yaani vile vidoa vinavyounda picha, hupita safu kwa safu kwenye mlango mmoja wa kupimia. Sensa kubwa inaweza kutumia nusu dakika kwa shughuli hiyo, na muda wote huo haioni kitu.

Mimi nimekulia Mufindi, kwenye chai. Mchumaji akijaza kikapu anakwenda kwenye mizani, anapanga foleni, na akiwa kwenye foleni hachumi. Sasa tuseme pembeni ya shamba kuna kibanda. Anatua kikapu kilichojaa, anachukua kitupu, anarudi shambani. Karani anapima taratibu huku mwenzake anaendelea kuchuma. Hiyo ndiyo siri. Nusu ya sensa inafunikwa kwa chuma. Chaji zote zinasukumwa upande uliofunikwa kwa milisekunde chache, zinasomwa zikiwa gizani, na nusu iliyo wazi tayari inapokea mwanga mpya. ULTRACAM, kamera ya wanaastronomia iliyoanza kazi mwaka 2002, inatumia mtindo huo huo, tena kwa rangi tatu kwa wakati mmoja.

(Hapa kijana mmoja aliuliza: mbona simu yake inapiga picha 240 kwa sekunde?)

Swali zuri. Simu yako, mdogo wangu, inapamba. Inaongeza mwanga, inalainisha, inabana faili, na safu ya juu ya picha haichukuliwi sawia na safu ya chini. Picha inapendeza, lakini ukiiuliza fotoni ngapi, yaani chembe ngapi za mwanga, zimeingia, haina jibu. Tena kasi ina bei. Ukikusanya fotoni 10,000, kuyumba kwake ni kama 100, yaani asilimia 1. Ukikata muda hadi zibaki 100, kuyumba ni 10, asilimia 10 nzima. Bado hujahesabu elektroni za uongo ambazo saketi inaongeza kila inaposoma. Kwa hiyo usikimbie kuliko nyota. SX Phoenicis, picha moja kila sekunde 10 inatosha kabisa.

Na usipime nyota peke yake. Weka jirani yake asiyebadilika katika picha hiyo hiyo, kisha gawanya mwanga wa huyu kwa wa yule. Moshi wa mashamba yanayochomwa msimu huu ukipita, unawafifisha wote wawili, na uwiano wao unabaki pale pale.

Sasa saa. Hapa naomba mnisikilize, maana niliaibika. Tulipima SX Phoenicis usiku tatu mfululizo, na kila usiku kilele cha mwanga wake kiliwahi zaidi. Tulishangilia, tukidhani mwendo wa nyota umebadilika! Nikaanza hata kuandika ripoti. Kumbe saa ya kompyuta yangu ndiyo iliyokuwa ikirudi nyuma, na kufikia usiku wa tatu ilikuwa imepotea sekunde 40. Data yote ikaenda na maji. Kule Sutherland, kituo cha kuangalia nyota Afrika Kusini, kamera yao ya SHOC inapigiwa kengele na saa ya setilaiti za GPS kwa kila picha. Sisi nasi tumefunga kipokezi kidogo cha GPS juu ya kiboksi cha kamera. Ule waya mwekundu mtakaouona, tafadhali msiukanyage. Na kwenye daftari tunaandika saa za UTC tu, yaani saa moja ya dunia nzima, kwa sababu mmoja aliandika "saa 3 usiku", mwingine akaiingiza kama saa 03:00. Saa 3 usiku ya kwetu ni 18:00 ya UTC. Tofauti ya saa tisa!

Haya, vaeni masweta. Tochi za simu zizimwe mlangoni. Delta Scuti mtaiona kwa macho, ukiinua uso juu kabisa. SX Phoenicis bado iko chini kusini-mashariki. Tutaielekea kwenye saa 6. Nani atashika daftari?