Twende Wapi na Saa Ngapi: Kupiga Picha za Ndege wa Porini Uingereza
(Mhadhara uliotolewa mjini Reading mbele ya wapiga picha wanaozungumza Kiswahili)

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, hamjambo? Ahsanteni kwa kuacha mapumziko yenu ya Jumapili mkaja kunisikiliza.

Swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu kamera. Ni hili: "Twende wapi?" Mtu kanunua lenzi ya milimita 400 kwa jasho lake, katoka asubuhi, kaizunguka bustani ya manispaa mpaka miguu ikamuuma, karudi na picha za njiwa na mgongo wa ndege anayekimbia. Anataka nimtajie jina la mahali. Nitayataja majina leo, mengi tu, lakini naomba tuelewane kabla sijaanza: jina peke yake halimfikishi mtu kwenye picha. Kila mahali pana mwezi wake, saa yake, na upande ambao jua linatokea. Anayekupa jina bila saa amekupa nusu ya habari.

Tuanzie hapa hapa. Mkitoka nje ya ukumbi huu mkatazama juu, haitachukua muda mtamwona mwewe mwekundu, yule mwenye mkia wa panda, anazunguka juu ya mapaa kama yuko kwao. Na kweli yuko kwao, ila alikuwa amefukuzwa. Katika karne ya 19 watu walimuua mpaka akatoweka kabisa England na Scotland, wakabaki wachache sana katika mabonde ya Wales ya kati. Mwaka 1989 wataalamu walianza kuleta makinda kutoka ng'ambo, na wale walioachiwa katika vilima vya Chiltern, jirani zetu hapa, walitoka Hispania. Hawa mnaowaona juu ya maduka ni uzao wao.

Sasa mpigie picha hapa mjini uone. Unapata kitu cheusi kwenye anga jeupe. Ndege yupo, mwanga upo, ila wewe uko chini mno. Panda Watlington Hill au ukingo wa Aston Rowant, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka hapa. Kilima kinashuka ghafla mbele yako, upepo unagonga mteremko na kupanda, na mwewe hutumia upepo huo kuelea bila kupiga bawa. Mara anapita usawa wa macho yako, mara anapita chini yako, na nyuma yake kuna mashamba badala ya mawingu. Hapo ndipo rangi ya kutu ya mgongo wake inaonekana. Ndege ni yule yule wa mjini. Kilichobadilika ni mahali uliposimama wewe.

Anayetaka kuwaona wengi kwa pamoja aende Gigrin Farm, karibu na Rhayader huko Wales. Shamba hilo huwawekea mwewe nyama kila alasiri, wanashuka kwa mamia wakati wa baridi, na kuna vibanda vya kujifichia vinavyolipiwa. Wapo wanaosema huko si porini. Mimi naona ni shule nzuri ya kujifunza kumfuata ndege anayeruka, maana unapata nafasi nyingi ndani ya saa moja. Weka kasi ya shata kwenye sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, usimvute ndege karibu sana kwa lenzi, mwache awe na nafasi mbele ya mdomo wake.

Haya, tuende pwani, na hapa ndugu zangu mliokulia Tanga, Lamu, Mombasa na Unguja mna mtaji ambao Waingereza wengi hawana. Nyinyi mnajua bamvua ni nini. Mnajua maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana. Hamhitaji kufundishwa kwamba mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndio wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Elimu hiyo ibebeni mpaka Snettisham.

Snettisham iko Norfolk, kwenye ukingo wa mashariki wa ghuba iitwayo The Wash. Maji yakipwa, linabaki tope ambalo macho hayafiki mwisho wake, na tope hilo limejaa chaza wadogo na minyoo. Kuanzia mwisho wa kiangazi mpaka mwanzo wa majira ya kuchipua, makumi ya maelfu ya vitwitwi hulishwa na tope hilo. Wengi ni vitwitwi wanene waliozaliwa Greenland na kaskazini ya Kanada, wakaja kukimbia barafu. Ukifika maji yakiwa yamekupwa utaona vidoa tu mbali huko, utasema nimedanganywa. Ukifika siku ya maji mafu, bahari haifuniki tope lote, ndege wanabaki mbali vile vile.

Lakini nenda siku ya bamvua. Uwe umeshafika ufukweni saa mbili kabla ya maji kujaa, na hesabu kwamba kutoka maegesho mpaka kwenye vibanda ni mwendo wa kutembea hasa. Maji yanapanda, yanawasukuma ndege kipande kwa kipande, wanabanana kwenye ulimi wa mwisho wa tope. Kisha hakuna tope tena. Wanaondoka wote kwa mara moja, na sauti ya mabawa yao inakufikia kifuani kabla akili haijaelewa. Wakigeuka wote wanakuwa weupe, wakigeuka tena wanakuwa kijivu. Wanapita juu ya vichwa na kutua kwenye vidimbwi vya zamani vya kuchimbia kokoto, nyuma ya ufukwe, wanasimama bega kwa bega mpaka maji yashuke.

Sikilizeni sasa habari ya mwanga. Katika The Wash, bamvua hujaa asubuhi mapema na jioni. Ufukwe wa Snettisham unatazama magharibi. Maana yake asubuhi jua linatoka nyuma ya mgongo wako na kuwaangaza ndege usoni, na jioni linazama nyuma yao, unapata vivuli vyeusi juu ya maji ya dhahabu. Ni picha mbili tofauti kabisa. Kabla hujalala, jiulize unataka ipi, kisha fungua jedwali la maji na saa ya kuchomoza jua, uzilinganishe. Siku zinazokutana vizuri ni chache kwa mwaka. Ziandike kwenye kalenda mapema, uombe ruhusa kazini.

Kiangazi hali inabadilika, ndege wa baharini wanapanda majabali kuzaa. Kwa asiyetaka kupanda boti, mahali pa kwanza ni Bempton Cliffs, Yorkshire ya Mashariki. Majabali ya chokaa yanafika urefu wa mita 100, na juu yake kuna njia yenye uzio na sehemu za kusimama. Hifadhi ni ya RSPB, chama cha kulinda ndege kilichoanzishwa mwaka 1889 na wanawake waliochukizwa na ndege kuchinjwa ili manyoya yao yapambe kofia. Leo chama hicho kina hifadhi zaidi ya 200. Anayeishi nchi hii na kupenda ndege atafaidika sana akijiunga.

Bempton utamwona pafini, yule mfupi mwenye mdomo wa rangi ambao watoto wanampenda, lakini wengi wao wamejificha kwenye nyufa. Mimi nawashauri muende kwa ajili ya ganeti. Ni ndege mweupe, ncha za mabawa nyeusi, kichwa cha rangi ya asali, na akitandaza mabawa anakaribia mita mbili. Upepo ukitoka baharini unamshika hewani mbele yako kabisa, amesimama, anatafuta pa kutua. Anageuza kichwa anakutazama. Unaona mistari ya buluu inayoshuka mdomoni kana kwamba imechorwa kwa kalamu, na jicho la buluu hafifu kama barafu lenye duara jeusi katikati.

Mchunguzeni jicho hilo. Mwaka 2022 homa ya mafua ya ndege iliwaua ganeti kwa maelfu. Kwenye kisiwa cha Bass Rock huko Scotland, iliyokuwa wakati huo koloni kubwa kuliko zote duniani za ndege huyu, watafiti waliona kwamba baadhi ya walionusurika macho yao yalikuwa yamegeuka meusi. Picha safi ya uso wa ganeti, kwa hiyo, inaweza kubeba ushahidi kwamba ndege huyu aliugua akapona. Ukiipata, itunze pamoja na tarehe yake.

Majabali ya Bempton yanaelekea kaskazini mashariki, kwa hiyo jua linayafikia asubuhi, na saa sita mchana yako kivulini. Mwezi Juni hapa jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Najua ni mapema. Nenda.

Pafini wa karibu wako visiwani. Skomer, upande wa Wales, wanatembea kati ya miguu ya wageni. Ila ikifika mwisho wa Julai wamerudi baharini, ukienda Agosti utapiga picha za mashimo. Farne Islands, boti zinatoka Seahouses, Mei na Juni. Huko buabua wa Aktiki wanataga pembeni kabisa ya njia na watakudonoa kichwani, kwa hiyo vaa kofia, na angalia unapokanyaga, maana makinda yao yana rangi ya mchanga.

Hayo ni majina makubwa. Ninachokitamani zaidi ni kila mmoja wenu awe na mahali pake mwenyewe, karibu na nyumbani, ambapo hakuna aliyemwelekeza. Chukueni ramani ya Ordnance Survey, taasisi ya taifa ya ramani, ya kipimo cha 1:25,000. Vistari vya kijani vilivyokatika katika ramani hiyo ni njia ambazo sheria ya England na Wales inakuruhusu kupita, hata zikikatiza shamba la mtu. Scotland kuna uhuru mpana zaidi tangu sheria ya ardhi ya 2003. Fuata kistari kinachogusa maji.

Chukua mfano wa mdiria. Watu wanasafiri mbali kumlipia kibanda, na huku yupo kwenye Mto Kennet unaopita katikati ya mji huu. Anataka maji yanayokwenda polepole, masafi kiasi cha kuona samaki wadogo, na tawi linaloinamia mto. Tembea ukitazama matawi hayo. Ukiona tawi lina michirizi myeupe ya kinyesi, hapo ndipo kiti chake. Kabla hujamwona utamsikia: mluzi mkali, halafu mshale wa buluu chini sana, karibu na maji. Usimkimbilie. Kaa chini, rudi nyuma, mgongo kwenye kichaka, ungoje. Ana mzunguko wake, atarudi. Mwenye wekundu sehemu ya chini ya mdomo ni jike.

Akikamata samaki humpigiza kwenye tawi, kisha humgeuza. Akimgeuza kichwa kielekee kooni, anamla mwenyewe. Akimshika kichwa kikiwa nje, anampelekea mwenzake au makinda. Hapo ujue kiota kiko karibu, funga tripodi uondoke. Mdiria yumo katika orodha ya ndege wanaolindwa kipekee na sheria ya wanyamapori ya 1981, na kumsumbua kwa makusudi au kwa uzembe karibu na kiota ni kosa la jinai; anayetaka kupiga picha kwenye kiota lazima awe na leseni. Kwa sababu hiyo napenda kumfuata wakati wa baridi. Hana kiota, majani yamepukutika, jua liko chini siku nzima, na mwanga wa saa sita mchana wa Desemba ni mlaini kama wa asubuhi.

Nimeona mikono. Mzee wetu pale anauliza kama ni vibaya kuwaambia wenzetu tulipomwona bundi. Mzee, inategemea. Bundi anayewinda shambani jioni ya Januari, waambie marafiki unaowaamini. Kiota, usimwambie yeyote, wala usiweke picha mtandaoni ikiwa na mahali ilipopigwa. Wezi wa mayai hawajaisha nchi hii, na hata wasio wezi, watu 20 wakisimama chini ya mti mmoja, mama huacha mayai yakapoa. Na tusipige sauti za ndege kwenye simu ili kumwita. Dume anadhani amevamiwa, anaacha kula, anazunguka kutafuta adui asiyekuwepo.

Dada anasema hana gari. Dada, hilo lisikuzuie. Bempton kuna stesheni yenye jina hilo hilo, na kutoka hapo ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu mpaka majabalini. Leighton Moss huko Lancashire ni rahisi zaidi: unashuka Silverdale na hifadhi iko dakika chache tu kutoka stesheni, ina matete, vibanda vya bure kwa wanachama wa RSPB, na jioni za baridi makundi ya kwezi huja kulala. Ukienda Novemba, kata tiketi ya kurudi kwa treni ya usiku, kwa sababu kwezi huanza kucheza angani wakati jua linazama, na wengi huwakosa wakikimbilia treni ya saa kumi.