Mlango wa Kizazi Unapoigomea Katheta

Ndugu wauguzi, wakunga na matabibu wa Kigoma, habari za asubuhi.

Mwanamke anayetoka hapa kwenda Dar es Salaam kupandikizwa mimba anasafiri zaidi ya kilomita 1,000. Sindano amemaliza, mayai yametolewa na kurutubishwa, zimebaki dakika chache tu za kuweka kiinitete. Hapo ndipo katheta, mrija mwembamba wa kukipitisha, inapogoma mlangoni mwa kizazi.

Mara nyingi njia imepinda mno pale mlango unapokutana na mji wa mimba, au imebanwa na kovu la kusafishwa kizazi. Aliyejifungua kwa upasuaji anaweza kuwa na kishimo penye kovu. Ncha huzama humo ikakwama.

Kwa hiyo njia ijaribiwe mapema kwa katheta tupu, na iandikwe imepinda wapi, ina urefu gani. Ikibana kweli, ipanuliwe wiki kadhaa kabla. Kupanua siku ileile ni kumtesa mama na kuutibua mji wa mimba.

Siku yenyewe kibofu kiwe na mkojo: kinaurudisha nyuma mji wa mimba ulioinamia mbele, njia inanyooka, na ultrasaundi ya tumboni inaona. Ute ufutwe taratibu, maana hukinasa kiinitete. Katheta laini ikikataa, usisukume. Legeza kidogo spekulamu, kifaa cha kupanulia uke, badili pembe, kisha ikunje ala ya nje, yaani ganda linaloifunika katheta, ifuate mpindo wenyewe. Koleo la kushikia mlango liwe la mwisho kabisa, kwani huamsha mikazo ya mji wa mimba. Muda wote huo kiinitete kibaki kwenye inkubeta, kabati la kukitunza kwa joto la nyuzi 37. Kisitolewe mpaka ala imepita. Hili nalisisitiza, ndugu zangu: mkono unaohangaika huku kiinitete kinasubiri ndani ya katheta hupoteza kazi ya wiki nzima.

Ala ikishapita, kiinitete huingizwa na maji ya mililita 0.02 hadi 0.03. Ncha isimame sentimita 1 hadi 2 kabla ya dari la mji wa mimba, isiliguse, na bomba la sindano lisukumwe polepole. Katheta irudi chini ya hadubini. Kiinitete kikionekana kimebaki, kirudishwe papo hapo. Njia ikikataa kabisa, kigandishwe, mama aje mwezi mwingine njia ikiwa imetengenezwa.

Nanyi, kwenye barua ya rufaa andikeni: alisafishwa kizazi mara ngapi? Alijifungua kwa upasuaji? Kitanzi kiliingia kwa shida? Kipimo cha rangi, ile eksirei ya kizazi, kilipita au kiligoma mlangoni?